Redio Yazimwa Siku Kumi

Katika nyumba ya fundi mapazia walizaliwa watoto wawili, wakipishana mwaka mmoja na maneno laki moja. Wa kwanza, msichana, alianza kusema akiwa na miezi tisa, na neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba bali "sitaki". Wa pili, mvulana, alizaliwa bila kulia. Mkunga alimpiga kofi la matakoni, naye akamtazama mkunga kama mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni: ameumia, lakini hapendi kulikuza jambo. Mama yao alimwita wa kwanza Redio na wa pili Kufuli, na walipofika umri wa miaka ishirini na kumi na tisa hakuna aliyeyakumbuka majina yao halisi isipokuwa vyeti vya kuzaliwa.

Sebuleni palikuwa na vyerehani viwili, cha mama na cha Redio, na nyuma ya nyumba palikuwa na kibanda ambamo baba alitengeneza friji. Kutwa nzima mama aliongea kuzidi ngurumo za vyerehani, na Redio akaongea kuzidi sauti ya mama. Baba aliingia saa za kula, akasema "asanteni" sahani ilipokwisha, akarudi kibandani. Kufuli alimfuata huko tangu utotoni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumshikia bisibisi. Redio aliwahurumia sana wale wawili. Aliamini kwamba wanakaa humo saa zote wakitazamana kama vinyago.

Kwa kuwa Kufuli hakusema, Redio alimsemea. Mama alimchelewesha Redio mwaka mzima kuanza shule ili waingie darasa moja, akisema hawezi kumpeleka mtoto asiyefungua kinywa mahali pasipo na mkalimani. Mwalimu akimuuliza Kufuli, jibu lilitoka dawati la pili. Watoto wakija kucheza, Redio ndiye aliyewaambia Kufuli anataka mchezo gani. Hata aliyetaka kumsalimia Kufuli alipitia kwa Redio, kama mtu anayepitia kwa karani ili amwone bwana mkubwa.

Kulikuwa na kisa kimoja ambacho Redio alikipenda kuliko vyote, na kila mgeni aliyeketi kwenye kochi lao alikisikia mara mbili. Kufuli akiwa na miaka saba aliamka akilia bila sauti, machozi yanamtiririka tu. Wakampeleka zahanati, na mganga akamuuliza anaumwa wapi. Hapo Redio, mwenye miaka minane, akajitokeza mbele na kueleza kwamba mdogo wake anaumwa tumbo, upande wa kushoto, tangu jana, na kwamba amekula maembe mabichi. Mganga alishangaa mtoto mdogo namna ile anavyojua kujieleza. Kufuli alipewa dawa ya minyoo, akainywa yote bila kukunja uso, na baada ya wiki akapona. Redio alikuwa akimalizia kisa hicho kwa kusema, "Bila mimi, huyu asingekuwepo."

Basi mwaka huo, siku ya Jumamosi, Redio alikwenda kushangilia mechi ya netiboli ya shule yao ya zamani, na Jumapili akaamua ugomvi kati ya mama yake na muuza vifungo. Jumatatu asubuhi alifumbua kinywa ili aulize nani amechukua sabuni, na kilichotoka kilikuwa kama bawaba ya mlango usiotiwa mafuta. Akajaribu tena. Hata bawaba haikulia.

Mama alikuwa na kazi ya haraka mezani, kwa hiyo Kufuli ndiye aliyemsindikiza dada yake kwa daktari wa koo. Daktari alikuwa mama mmoja mwenye miwani na haraka. Aliuliza tatizo ni nini, Redio akaonyesha shingo, daktari akamgeukia Kufuli. Kufuli akafikiri. Alifikiri mpaka daktari akaanza kuvuta faili la mgonjwa mwingine.

"Anaongea," Kufuli akasema mwishowe.

Daktari akauliza, anaongea kiasi gani? Kufuli akalipima swali hilo nalo, kwa haki, kabla ya kujibu.

"Hajawahi kuacha."

Daktari alimulika kooni, akatikisa kichwa, akasema hajapata kuona nyuzi za sauti zilizofanyishwa kazi hivi kwa mtu asiyeuza kitu barabarani. Akaamuru siku kumi za kimya. Si neno, si kukohoa kwa makusudi, si kunong'ona, maana kunong'ona ni kubaya kuliko kupiga kelele. Redio alitoa daftari mkobani akaandika: *Siku kumi haziwezekani. Nina kazi Alhamisi.* Daktari akalisoma, akaandika chini yake: *Kumi na moja?*

Kazi ya Alhamisi haikuwa ya mchezo. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alikuwa amefungua nyumba ya wageni yenye madirisha kumi na manne, na alitaka mapazia yote kwa mkupuo. Kwa kawaida Redio ndiye aliyekwenda kupima na kukubaliana na wateja. Mama hakutumwa tena tangu alipomwambia mke wa mkandarasi kwamba kochi lake linafanana na kiboko aliyelala. Ilikuwa kweli tupu, na kila aliyeliona kochi lile alikubali, lakini ukweli huo uliwapotezea mteja. Baba hakutajwa kabisa. Akabaki Kufuli.

Jumatano yote Redio alimwandikia mdogo wake maneno ya kusema. Yalijaza ukurasa mzima, yamepangwa kwa namba. La kwanza lilikuwa *Shikamoo, mwalimu, nyumba yako inapendeza sana.* La tatu lilikuwa *Umechagua vizuri*, na kando yake Redio aliandika kwa wino mwekundu: *sema hili kila anapogusa kitambaa.* Kufuli aliusoma ukurasa mara mbili, akaukunja, akautia mfuko wa shati. Redio akatulia kidogo. Aliyeshika maandishi, aliona, hapotei njia.

Mwalimu aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu mfupi, mnyoofu kama rula, na alikuwa na mazoea ya kuuliza swali kisha kukunja mikono. Kufuli akamwamkia, akaitikiwa, na pongezi za nyumba hazikuja. Mwalimu akauliza yupi kati yao ni fundi. Redio akajigusa kifua, kisha akajigusa koo.

"Dada amekatazwa kuongea," Kufuli akaeleza.

"Na nani?"

"Daktari."

Mwalimu akamtazama Redio kwa muda, akasema angependa kupata namba ya daktari huyo, ana wajukuu.

Wakaanza kupima. Kufuli alishika futi, Redio akaandika, na kwa vyumba vitano mambo yalikwenda kama maji kwenye mteremko. Kwenye chumba cha sita Mwalimu alileta sampuli ya kitambaa alichokipenda, velveti nyekundu, nzito kama blanketi. Alitaka hiyo hiyo madirisha yote kumi na manne, mikunjo mingi, mpaka chini. Redio alianza kuhesabu mita kichwani. Akamfinya mdogo wake mgongoni: la tatu, la tatu. Kufuli akakitazama kitambaa. Akalitazama dirisha. Akatazama tena kitambaa.

"Unaonaje?" Mwalimu akauliza, akakunja mikono.

Mteja mwingine yeyote angechoka kusubiri akajijibu mwenyewe, na hapo biashara ingenusurika. Bahati mbaya huyu alikuwa amesimama mbele ya watoto miaka thelathini na minne, na alijua kusubiri jibu. Redio alisikia saa ya ukutani. Alimfinya Kufuli mpaka kucha zikauma. Ulimi wake ulijaa kinywani kama mkate mkavu, maneno yote ya kuokoa jahazi yamejipanga nyuma ya meno, na hakuna hata moja lenye ruhusa ya kutoka.

"Madirisha matatu ya upande huu yanatazama ukuta," Kufuli akasema.

"Ndiyo."

"Nani atachungulia?"

Penseli ya Redio ikaanguka. Kufuli akaiokota, akampa, na kwa sababu alikuwa ameshaanza, akaendelea. Alisema chumba chenyewe hakina mwanga wa kutosha, na kwamba velveti nyekundu humu ndani itamfanya mgeni ajione yumo ndani ya kinywa cha mtu.

Hapo ndipo Redio alipogundua jambo ambalo hakuwa amewahi kulifikiria maishani. Ulimi wa mama yao, ule wa kiboko aliyelala, haukuishia kwa mama. Mdogo wake aliurithi mzima mzima, na miaka yote hiyo ulikuwa umefungiwa ndani, unanolewa tu.

Mwalimu aliichukua sampuli yake, akasema atafikiri, akawasindikiza mpaka getini.

Njiani Redio aliandika vikaratasi tisa. Aliandika akitembea, akiandika anachana, akichana anampa Kufuli, naye alisoma kila kimoja na kukitia mfukoni bila kupunguza mwendo. Cha kwanza kiliuliza kama ana akili timamu. Cha nne kilikuwa na neno moja tu, *KINYWA*, limepigiwa mistari mitatu. Cha tisa, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kilisema: *Kwa nini hukusema nilivyokuandikia? Maisha yako yote nimekusemea na sijawahi kukosea hata mara moja.*

Kufuli alisimama. Palikuwa mbele ya duka la vioo, na Redio aliwaona wawili wao wamesimama kwenye vioo sita, yeye anahema na mdogo wake anafikiri.

"Dada," Kufuli akasema, "siku ile ya zahanati nilikuwa naumwa sikio."

Redio alipapasa daftari. Karatasi zilikuwa zimekwisha.

"Sikio la kulia. Kulikuwa na mdudu ndani. Alitoka mwenyewe baada ya wiki."

Redio alifungua kinywa, akakumbuka, akakifunga. Akatikisa mikono kwa namna ambayo kila mtu duniani angeielewa: mbona hukusema?

"Ulikuwa unaongea," Kufuli akajibu, bila kinyongo, kama anayetaja hali ya hewa ya siku hiyo. Kisha, kwa kuwa dada yake alikuwa amesimama mbele yake bila sauti na bila karatasi, na nafasi kama hiyo haikuwahi kutokea, akaongeza la pili. "Na mayai nayapenda."

Hili lilimchoma zaidi. Kufuli akiwa na miaka sita Redio alimwambia shangazi yao kwamba mdogo wake hali mayai, kisha akala la kwake na la mdogo wake. Neno lile lilienea kwa ndugu wote, likawa sheria. Kwa miaka kumi na mitatu, kila nyumba waliyokwenda, watu walimwondolea Kufuli mayai sahanini kwa huruma.

Walitembea hatua kadhaa. Kufuli akasema kwamba yapo mengine aliyosemewa sawasawa. Siku mwalimu wa hesabu alipomsimamisha mbele ya darasa zima na kumwambia hataondoka mpaka aseme, Redio alipiga kelele mpaka mkuu wa shule yao akaja. "Siku ile," Kufuli akasema, "kama si wewe ningezimia." Kisha akanyamaza mpaka nyumbani, maana alikuwa ameongea maneno ya mwezi mzima.

Mama aliposikia habari ya kinywa alishika kichwa. Alilaumu siku, daktari, muuza vifungo na ukoo wa baba. Lakini kulaumu nako kunataka mwenzi. Kwa kawaida mama alirusha neno, Redio akalidaka na kulirudisha likiwa na mkia. Sasa mama alirusha, na neno lilikwenda likaanguka chini. Ijumaa aliongea nusu ya kawaida. Jumamosi, mezani wakati wa chakula cha jioni, akaishiwa kabisa. Kimya kikaingia nyumbani mwao, kikavuta kiti, kikaketi.

Ndipo baba alipomeza tonge, akafuta mdomo, akaanza kusimulia.

Alisema kuna bwana mmoja alileta friji akilalamika kwamba inamtukana usiku. Si mlio, alisisitiza bwana yule, ni matusi. Baba akakaa na friji siku mbili akiisikiliza, na kweli, kila mota ilipozima ilitoa sauti kama mtu mzima anayefyonya. Akabadilisha kipande kidogo, ikaacha. Baada ya wiki bwana akairudisha, uso umemshuka, akiomba ifyonye kama zamani, maana mkewe amehamia kwa dada yake na nyumba imepooza.

"Wasimulie na ya yule mteja wa barafu," Kufuli akasema, akiendelea kula.

Baba akasimulia na ya yule wa barafu. Alijua kuiga sauti. Alijua kunyamaza mahali panapostahili. Redio alicheka bila sauti mpaka machozi yakamwingia kwenye sahani, akijiziba mdomo kwa mikono miwili asije akavunja amri ya daktari, huku akili yake ikikimbia kwenye kibanda kile cha nyuma, kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwenye miaka yote aliyowahurumia wale vinyago wawili. Kumbe vinyago walikuwa na baraza lao.

Mama alikuwa ameweka kijiko chini.

"Wewe mwanaume," akasema taratibu. "Miaka ishirini na mbili. Ulikuwa unayaficha wapi maneno haya?"

"Nilikuwa nasubiri zamu," baba akajibu.

Jumatatu simu ililia, mama akapokea. Alikuwa Mwalimu. Alisema ametembea katika vyumba vyake siku nne na kila akiingia cha sita anaona meno. Sasa anataka madirisha kumi na moja, kitambaa chepesi rangi ya maziwa, na anataka kijana yule aje kumalizia vipimo. Mama akauliza kama dada yake naye aje. Mwalimu akasema aje, hana neno naye, mradi koo halijapona.

Mama alipoyarudia hayo kwa Redio alijitahidi kutocheka, na hakuweza. Redio hakucheka. Alikaa kwenye cherehani chake, akawa anafumua pindo ambalo halikuwa na kosa. Alikuwa amezoea kuona kwamba sauti yake ndiyo nguzo ya nyumba. Sasa sauti ilikuwa imeondolewa wiki nzima, na paa halikuanguka. Kinyume chake, watu walikuwa wanachungulia kutoka madirishani.

Mama alizima cherehani chake. Jambo hilo peke yake lilimfanya Redio ainue kichwa.

"Usimwonee mdogo wako kinyongo," mama akasema. "Wala usijionee. Baba yako nilipoolewa naye alikuwa hasemi, na mimi mtu akinyamaza mbele yangu nadhani amekasirika. Nilikaa mwaka mzima nikidhani nimeolewa na hasira. Wewe ukaja, una miezi tisa, ukaniambia sitaki. Mwanangu, nilifurahi mpaka nikalia. Nikasema nimepata mwenzangu. Nikakuwasha, na sikukumbuka kukuzima." Alikata uzi kwa meno. "Na mdogo wako alikuwa halii. Nikasema huyu ameridhika. Nani ana nafasi ya kumuuliza mtoto aliyeridhika?"

Redio alisogeza kiti chake kikagusana na cha mama. Wakafumua pindo lile pamoja, halafu, kwa kuwa halikuwa na kosa, wakalishona upya.

Kesho yake asubuhi Redio alikaanga mayai manne, akayaweka yote mbele ya Kufuli, akakaa upande wa pili wa meza na kumtazama kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Kufuli alikula la kwanza. Akala la pili kwa utaratibu. Kisha akasukuma sahani kidogo, akasema kwa heshima kwamba anashukuru sana, ila kwa miaka kumi na mitatu alikuwa ameyakumbuka kuwa matamu zaidi. Redio akala mawili yaliyobaki.

Siku kumi zikaisha. Daktari akamulika, akaridhika, akamruhusu aanze taratibu. Neno la kwanza la Redio lilikuwa "asante", na sauti ilikuwa imeshuka, nzito kidogo, akaipenda. Jioni yake alisimulia. Alisimulia foleni ya hospitali, alisimulia mzee aliyekuja na koo akarudishwa kwa sababu ni siku ya macho, na wote walicheka. Mama alidaka, akarudisha na mkia. Nyumba ikajaa kama zamani, na baba alipata zamu mbili.

Katikati ya hayo mama akakumbuka jambo. Alimwambia Kufuli kwamba Mwalimu amemsifia kwa watu, na kazi za kupima zitaongezeka. Baba naye anazidi kuzeeka na kibanda kinahitaji mikono. Basi aseme mwenyewe, anataka kushika ipi, mapazia au friji?

Redio alilijua jibu. Alilijua tangu Kufuli ana miaka mitano na ndoo yake. Neno "friji" lilipanda kooni, likapita nyuzi zote zilizopona, likafika kwenye meno, na hapo Redio akalibana. Kufuli aliacha kula, akaanza kufikiri. Mama akavuta pumzi ya kuanza kumsaidia. Redio akamshika mkono chini ya meza, akaubana kwa nguvu, na mama naye akambana, wakashikana hivyo kama watu wawili wanaotolewa jino.

Chakula kikapoa. Baba aliendelea kutafuna bila wasiwasi wowote.

"Sijui bado," Kufuli akasema.

Mama alitoa pumzi yote kwa mkupuo. Redio alimtazama mdogo wake. Mwaka huu wote, na ule uliopita, angemjibia mtu yeyote kwamba ni friji, na angeapa.

"Hilo nalo ni jibu," baba akasema, akamsogezea Kufuli bakuli la mchuzi. Kufuli akajipakulia, akamsogezea dada yake, na kabla ya kurudi kwenye sahani yake akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza: yeye Redio, mapazia anayapenda?

Redio alifungua kinywa, akijua kabisa analo jibu. Akakaa hivyo, kinywa wazi, muda mrefu kidogo. Nao wakamsubiri.